Saa ya Khelef

Daktari wa Chake alisema nusu saa.
Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi,
nimeshika kadi yake ya presha.
Nusu saa, bwana, mara tatu kwa wiki,
na chumvi upunguze.
Chumvi niliipunguza mimi.
Nusu saa akaichukua yeye,
akailisha, ikanenepa,
naye akakonda.

Mwanzo nilifurahi. Nani asingefurahi?
Mtu aliyekuwa akihema kwa ngazi tano za posta
sasa anatoka Machomane giza bado bichi,
raba nyeupe, bukta imefunika magoti kwa heshima,
anafika Gombani, anarudi na mikate ya mofa
imefungwa gazeti, ina moto.
Majirani wakanitania: Raya, mumeo kazaliwa tena.
Nikacheka, upindo wa kanga mdomoni.

Halafu Gombani ikawa karibu.
Ikawa Vitongoji.
Ikawa Vitongoji, na kurudi, na tena.
Mikate ikasahauliwa.

Akanunua saa ya kuhesabu hatua
kwa kijana aliyeshuka na boti ya Unguja.
Saa ile haijui Ijumaa, haijui mgeni,
inajua elfu kumi na mbili.
Zikipungua mia nne usiku,
isha imeshasaliwa, taa imeshazimwa,
mume wangu huinuka akazunguka kitanda.
Mimi katikati nahesabu naye kimoyomoyo,
mia mbili, mia mbili na moja,
kama mtu anayemsikiliza mbu.

Masika alikimbia ukumbini, mlango hadi jiko,
watoto wamepanda juu ya meza na madaftari yao ya skuli.
Ramadhani alikimbia kabla ya daku.
Kucha za vidole gumba zikaiva kama zambarau;
moja niliikuta ndani ya soksi, nafua.
Nikaitia kwenye kikopo cha vifungo.
Sikumwambia.

Goti likavimba kama boflo lililorowa chai.
Wiki sita, akaambiwa, pumzika.
Akaitikia kwa adabu zote,
na ile karatasi akapangusia jasho.

Alipofariki ami yake
sisi wanawake tulibaki ndani na kilio chetu.
Ni Haroub, mdogo wake, aliyeninong'oneza siku ya tatu:
Shemegi, alikuwa chini ya jeneza, bega la kulia,
akageuza mkono, akatazama saa.
Hakuongeza neno.
Nami sikuuliza zilikuwa ngapi.

Usiku ule nilimkalisha.
Khelef, unakimbilia nini?
Sikimbilii.
Basi unakimbia nini?
Akalitazama goti lake
kama mtoto aliyevunja sahani ya watu.
Nikisimama, akasema, nausikia moyo.
Nikienda, siusikii.

Baba yake alianguka akivaa kiatu cha pili,
umri arobaini na tisa.
Khelef atafika huko mfunguo sita.
Miaka yote hii nalijua hilo,
na sikuwahi kuliweka karibu na zile raba.

Jana alilala mapema, goti juu ya mto,
macho darini.
Saa iko mezani, elfu tatu na kidogo.
Niliichukua, nikaivaa,
nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi.
Nazi ya kwanza, hesabu ikapanda.
Ya pili.
Ya tano, ambayo hakuna mchuzi ulioiomba.
Mkono wangu ukaenda Vitongoji peke yake,
ukapita mashamba na mbwa na vibanda vilivyofungwa,
chicha imejaa sinia,
nyumba nzima inanukia tui.

Nikamvisha. Elfu kumi na mbili na kumi na saba.
Alitazama namba, akautazama mkono wangu,
una ukungu mweupe hadi kiwikoni.
Hakuuliza.
Akafumba macho, akakoroma
kama zamani, kama mtu mnene.

Sijui kama nimemtibu au nimemfichia ugonjwa wake.
Bega linaniuma.
Nimelaza sikio kifuani mwake, gizani,
na sasa ni mimi
ninayehesabu.